Mashine Arobaini na Moja za Adalbert Zagabe

Adalbert Zagabe alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kwa ufundi wake aliheshimika Bukavu kuanzia Muhumba hadi Kadutu. Lakini ukienda kumtembelea nyumbani, chai ulikunywa umesimama. Viti havikukosekana. Vilikuwepo sita, na kila kimoja kilikuwa kimekaliwa na mashine ya michezo ya video.

Mambo hayo yalianza mwaka 1979. Familia moja ya Kibelgiji ilikuwa inafunga mizigo kurudi kwao, ikamwita aje kutengeneza televisheni waliyotaka kuiuza. Alipomaliza kazi, mama mwenye nyumba alimkabidhi sanduku la plastiki la rangi ya chungwa, lenye nyaya mbili na vifundo viwili, akamwambia alitupe njiani. Adalbert alilibeba mpaka kwake, akalifungua, akaunga waya mmoja uliokatika, akaliwasha. Kwenye kioo vilitokea vijiti viwili vyeupe na doa moja. Ukizungusha kifundo, kijiti kinapanda au kinashuka. Doa likigonga kijiti, linarudi. Basi, hakuna la zaidi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, ameoa miezi mitatu tu iliyopita, na mke wake Virginie alimkuta amepiga magoti mbele ya televisheni kama mtu anayesali.

"Unaona?" alimwambia mkewe bila kugeuka. "Mbaka leo tulikuwa tunaangaliaka tu. Sasa kioo inatusikia."

Virginie aliona vijiti viwili na doa. Akaenda kuteleka maharagwe.

Tangu siku hiyo Adalbert alikusanya. Mtoto wa mfanyabiashara alimwachia Atari iliyoungua. Mtawa mmoja mzee alimpa kimchezo cha mfukoni, cha ukubwa wa kitabu cha sala, ambacho kwa miaka alikuwa akikificha ndani ya mkono wa kanzu wakati wa mikutano mirefu. Hoteli moja kando ya ziwa ilimpa kabati zima la mbao, mchezo wa kutumbukiza sarafu, lenye madoa meusi ya sigara zilizozimwa juu yake. Wanaume wanne walilipandisha mlimani, na Virginie ndiye aliyewapikia. Kaseti za michezo zilijaa ndani ya masanduku ya sabuni chini ya kitanda. Adalbert hakuzikusanya ili azicheze. Kucheza alikuwa hajui. Lydie, binti yao wa pekee, alianza kumshinda akiwa na miaka saba. Alichotaka ni kujua kila mashine imetoka wapi, nani aliibuni, mwaka gani, na ilifikaje Bukavu. Aliandika barua Ubelgiji na Ufaransa, akasubiri mwaka, wakati mwingine akajibiwa. Alisema kwamba vitu hivi vinazaliwa na kufa upesi kuliko kuku, na kwamba siku moja watu wataulizana vilianzaje, na hakuna atakayekumbuka.

"Nitafungua musée," alisema. "Ya kwanza. Hata Kinshasa hawana."

Makumbusho hayo yangekuwa katika chumba cha mbele cha nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake Virginie, karani wa zamani wa Wabelgiji, aliyewaachia watoto wake wawili: Virginie na mdogo wake Parfait. Parfait alikuwa ameacha shule na kwenda Luhwindja kuchimba dhahabu, kwa hiyo hakuna aliyekuja kudai chumba. Virginie alikuwa sekretere katika ofisi ya kanisa. Kwa mashine ya kuandikia ya ofisini ndiyo aliyompigia mumewe kadi zake, moja kwa kila mchezo, upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiswahili. Hakuupenda mradi ule, lakini aliandika kila neno bila kosa, maana hakupenda kazi mbovu.

Si kila mashine iliingia kwa heri. Julai 1994, wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda na kujaa mjini mpaka kwenye ngazi za makanisa, Adalbert alimwona mwanamume ameketi kando ya barabara na mashine ya Sega imefungwa ndani ya kitenge, kama mtoto anavyofungwa. Sega kamili, na maneti zake mbili za kushika na kuchezea, na kaseti nne. Yule mtu alitaka gunia la maharagwe. Adalbert alimtazama, akaona ana njaa na hana pa kwenda. Akampa nusu beseni. Yule mtu alipokea. Kando yake alikaa mvulana ambaye hakulia wala kusema. Alifuata tu kile kitenge kwa macho mpaka kilipopotea kwenye umati.

"Umeitoa ku nani?" aliuliza Virginie siku ile.

"Ku mukimbizi."

"Ile ni kintu ya mutoto, Papa Lydie. Mutoto mwenyewe iko wapi?"

Adalbert alikuwa anapuliza vumbi kwenye matundu ya kaseti. Kwenye kadi aliandika: *Sega. Ilitoka Kigali, Julai 1994.* Virginie alipiga maneno hayo kwa mashine, akamrudishia.

Vita vya kwanza vilipoingia mjini, Oktoba 1996, wanajeshi waliokuwa wanakimbia walipita nyumba kwa nyumba. Nyumbani kwa Adalbert walichukua friji, magodoro, sufuria na viatu vya shule vya Lydie. Mashine waliziacha, walidhani ni mifupa ya redio zilizokufa. Virginie aliporudi kutoka alikojificha na mtoto, alimkuta mumewe anacheka katikati ya nyumba tupu. "Hawakugusa hata moja!" alisema, na machozi ya furaha yakamtoka. Usiku ule walilala juu ya mikeka. Virginie alikikumbuka kicheko kile kwa miaka mingi kuliko alivyokumbuka milio ya bunduki.

Kisha vikaja vita vya pili, mji ukashikwa na waasi, na mwaka 2000 ukafika na koltani. Hakuna aliyekuwa na habari nyingine. Jiwe jeusi lile, ambalo zamani watoto wa Kalehe walilitumia kupiga ndege, sasa lilinunuliwa kwa dola, na waalimu walikuwa wanaacha shule kwenda kuchimba. Parfait aliacha dhahabu ya Luhwindja akahamia milima ya Kalehe. Aliposhuka Bukavu alifikia kwa dada yake, kwa haki yake, akiwa na saa mpya mkononi na kikohozi kifuani.

Adalbert yeye alikuwa na furaha yake. Mbao za mikaratusi zilikuwa zimepatikana, rafu zikapigwa, viti vikarudishiwa watu. Mashine zilikuwa arobaini na moja, zimepangwa kwa miaka, kuanzia lile sanduku la chungwa. Alipanga kufungua mwezi wa kwanza. Kabla ya hapo, mwezi wa kumi na mbili, rafiki yake Pascal, mwalimu wa fizikia, alimletea wanafunzi ishirini na watatu waone kwanza.

Ilikuwa haijapata kutokea katika maisha yake siku kama ile. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Adalbert alivaa koti la harusi ya mtu mwingine, lililompwaya mabegani, akazunguka na wanafunzi wale kutoka rafu hadi rafu, akieleza, akiwasha, akizima. Walicheka kuona doa na vijiti. Walinyamaza alipowaambia kwamba bila doa lile yasingekuja mengine yote. Mwishoni, kwa sababu alitaka waondoke na kitu cha kwao wenyewe, alifungua mashine moja kwa turnevisi, bisibisi yake ya kazi, akawaonyesha ndani.

"Munaona hii, ya manjano, kama tone ya dawa? Ni kondasateri, inachungaka umeme kidogo. Ndani yake muko chuma yenye inatoka mu koltani. Majiwe ya hapa, ya Kalehe. Inaendaka Ulaya, inaendaka Japan, inarudia kwetu mu mchezo. Batu banasema sisi hatuna kitu mu historia ya bintu hivi. Sisi tuko mule ndani!"

Pascal alipiga makofi, na wanafunzi wakampigia. Kizingitini, kwenye mwanga wa mlango, Parfait alikuwa ameketi anakula karanga. Aliacha kutafuna.

Walipoondoka wageni, alimfuata Adalbert.

"Shemeki, mu kila mashine muko ngapi?"

"Ngapi ya nini?"

"Ya koltani."

Adalbert alicheka. "Parfait, ni kama punje ya muchanga. Hata ukikusanya ya zote, haijaze kijiko."

"Basi juu ya nini unafungiaka hii chumba na kufuli?"

"Juu ya wezi."

"Eeh," alisema Parfait. "Wezi ba nini, kama hamuna kitu?"

Adalbert alimwona mjinga akaendelea kukunja nyaya. Hakujua kwamba mtu aliyekaa miaka sita akipasua mlima kwa ajili ya punje hawezi kusikia neno punje akalidharau. Parfait alikwenda kuzungumza mahali wanapokunywa watu wa madini. Aliongea kama mtu mwenye siri. Mtu mmoja alimwuliza ni kilo ngapi, naye, kwa kuwa asingeweza kukaa bila jibu, akasema nane.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi, wanajeshi saba walifika na lori. Hawakupiga mtu. Walibeba mashine zote, hata kabati la hoteli, wakakusanya na kadi zote. Mwisho wakambeba Adalbert. Virginie alikuwa kazini. Lydie alisimama uani na ndoo mkononi akaangalia lori likigeuka.

Hawakwenda mbali. Walimshusha kwenye villa moja katika mtaa wa Muhumba, yenye bustani inayoteremka mpaka ziwani, akaingizwa gereji. Aliyekaa humo aliitwa Komanda Honoré. Waasi walimpa kusimamia mambo ya madini. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, mwenye miwani. Mashine zilirundikwa ukutani. Yeye alikaa kwenye kiti cha bustani, anasoma kadi.

"Nani aliandika hii?"

"Bibi yangu, Afande."

"Anaandika muzuri." Aliweka kadi kando. "Sasa, fundi. Toa."

"Nitoe nini?"

"Ile yenye ulionyesha batoto."

"Afande, hakuna kitu. Kweli iko kidogo sana, lakini..."

"Iko ao hakuna?"

"Iko kidogo."

"Basi iko. Toa."

Siku ya kwanza Adalbert alifanya kazi kwa turnevisi. Alifungua kila mashine taratibu, akaweka misumari yake ya kuzungushwa kwenye karatasi, akachomoa matone yale ya manjano bila kuumiza kitu kingine, akiwaza kwamba ikipatikana huruma ataweza kuzirudisha. Jioni Komanda alihesabu: mashine tano. Akaagiza aletewe nyundo.

"Karanga haifunguliwake na turnevisi," alisema.

Basi siku ya pili alianza kuvunja. Alitangulia na zile zilizokuwa zimekufa kabisa, akitumaini kwamba kabla ya kufika kwenye nzima kutatokea jambo: Pascal atakuja na barua, kanisa la Virginie litatuma padri, au Komanda atachoka. Virginie alikuja kweli, na padri, wakasimamishwa getini. Alisikia sauti ya mkewe ikitaja jina lake lote, Adalbert Zagabe, mara mbili. Kisha geti likafungwa.

Alipofika kwenye sanduku la chungwa alimwambia askari aliyemlinda: "Hii ni ya zamani. Hamuna hata moja ndani, naijua. Niiache."

Askari yule alikuwa anakula mhindi. "Ponda tu, muzee."

Aliponda. Lilipasuka kwa pigo moja, maana plastiki ilikuwa imezeeka. Alikimbiza macho ndani ya vipande. Kama alivyojua tangu mwanzo, hakukuwa na kitu. Akavuta nyingine.

Siku ya tatu Komanda alikuja na kadi moja mkononi.

"*Ilitoka Kigali, Julai 1994.* Hii iko wapi?"

Adalbert alionyesha Sega.

"Ulitoa wapi?"

"Nilinunua. Ku mukimbizi."

"Na nini?"

Angeweza kudanganya. Lakini alikuwa amekaa siku tatu bila usingizi wa maana, na uongo unataka nguvu. "Na maharagwe."

"Gunia ngapi?"

"Nusu beseni."

Komanda Honoré alicheka, kicheko kidogo, cha kweli, akavua miwani kuifuta. "Angalia. Batu bananiita mwizi, na miye sijafika huko. Weye ulitoa nusu beseni juu ya mwenzako iko na njaa. Miye ninakupatia maisha yako mazima. Nani kati yetu analipa muzuri?" Akamrudishia kadi. "Vunja hii ya pekee nikiona."

Adalbert aliinua nyundo. Katika yote aliyoyafanya mle gerejini, hilo ndilo alilolieleza mara nyingi zaidi baadaye, kwa Pascal na kwa yeyote aliyekubali kumsikiliza: kwamba aliivunja Sega akiona haya, na haya ile ilikuwa ya kweli, na kwamba hakuweza kumchukia mtu yule wakati ule kama alivyostahili kuchukiwa.

Siku ya nne kazi iliisha. Matone ya mashine arobaini na moja yalifunika kitako cha kopo la margarini. Komanda aliondoka nalo asubuhi kwenda kwa wanunuzi. Alirudi kabla ya saa sita, amebadilika sura. Mnunuzi alikuwa amemimina vile vitu kiganjani mbele ya watu wote, akavipuliza kama mtu anayepuliza makapi, na watu wakacheka.

Parfait aliitwa. Alifika amevaa shati safi, akidhani ni siku ya kupata fungu lake. Alipoona vipande vimejaa sakafuni, na shemeji yake ameketi humo katikati, alisimama mlangoni.

"Njo weye ulisema kilo munane?" aliuliza Komanda.

"Njo vile nilisikia, Afande."

"Fundi anasema hakuna. Weye unasema iko. Mumoja kati yenu amenichekesha ku batu. Kama ni fundi, ameficha, basi umuulize weye mwenyewe, ni ndugu yako. Kama hakuficha, mwongo ni weye." Alisukuma nyundo kwa mguu mpaka ikafika mbele ya Parfait. "Chagua."

Ziwa lilionekana kupitia dirisha, limetulia, na mtumbwi mmoja. Parfait hakufikiri muda mrefu.

"Ameficha," alisema. "Ninamujua. Ni mutu wa kuficha."

Askari wawili walimshika Adalbert, wakaubana mkono wake wa kulia juu ya meza. "Shemeki," alisema Parfait, karibu kwa upole, "iko wapi?" Adalbert alisema hakuna. Parfait akapiga. Akauliza tena, akapiga. Mara tatu, kidole baada ya kidole, na Adalbert aliona kwamba hakufumba macho. Baada ya pigo la tatu Komanda aliangalia saa, akasema imetosha, ana wageni wa chakula. Wote wawili walifukuzwa kupitia mlango mmoja. Parfait alishika njia ya kushuka mjini, na jioni ile ile akapanda gari la kurudi Luhwindja, kwenye dhahabu yake ya zamani.

Adalbert alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mkono umefungwa ndani ya shati. Daktari aliweza kuuokoa usioze, lakini vidole vitatu viliunga vimepinda na havikukunjuka tena.

"Nani alifanya?" aliuliza Virginie, akimshikilia kopo la maji anywe.

"Parfait."

Virginie aliweka kopo chini. "Balimulazimisha," alisema.

"Ndiyo."

"Basi."

Lydie, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alisema kwamba si basi. Mama yake akamwambia aende kuchota maji.

Fundi asiyeweza kushika chuma cha kulehemu si fundi tena. Adalbert alijaribu mkono wa kushoto, akaunguza redio za watu, watu wakaacha kuleta. Mwishowe alipata kukaa kwenye duka la mtu, akiuza betri na balbu. Chumba cha mbele kilibaki na rafu tupu, na juu ya rafu alama za mstatili mahali vumbi halikufika. Pascal alimwambia ayaandike yote anayoyakumbuka. Alinunua daftari, akaandika kurasa mbili kwa mkono wa kushoto, na alipozisoma hakuweza kutambua maneno yake. Lydie aliolewa Uvira. Rafu zikawa kuni.

Mwishoni mwa mwaka 2003, watu wakisema kwamba vita vimekwisha, pickup moja ilisimama mbele ya nyumba. Nyuma yake, juu ya magunia, alilala Parfait. Vumbi la milima lilikuwa limemmaliza mapafu. Wenzake walimteremsha, wakaweka mfuko wake kando yake, wakaenda. Virginie alimtandikia kitanda katika chumba cha mbele.

"Ni nyumba ya baba yake," alisema, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Duka la betri lilikuwa limefungwa mwezi ule. Virginie ndiye aliyekuwa na kazi. Kwa hiyo mchana wanaume wawili walibaki peke yao. Adalbert alimlisha uji kwa mkono wa kushoto, kijiko baada ya kijiko, akampangusa kidevu kwa kitambaa alichokibana na vile vidole vilivyopinda. Parfait alivitazama vidole vile kila siku. Hakuomba msamaha hata mara moja. Alisubiri bakuli liishe, apate pumzi, ndipo akauliza:

"Shemeki, uliificha wapi?"

"Haikukuwa kitu, Parfait."

Kesho yake tena: "Uliificha wapi?" Na kesho kutwa. Adalbert aliapa kwa Mungu, akaapa kwa Lydie. Alieleza upya, kama kwa wanafunzi wa Pascal, kondasateri ni nini na chuma chake ni kidogo kiasi gani. Parfait alisikiliza macho yamefumbwa, akatabasamu kama anayemsikia mtoto akijitetea. "Uko mugumu," alisema. "Hata nyundo haikukufungua."

Jumanne moja Adalbert alichoka. Hakuwa amepanga. Bakuli lilikuwa tupu, mvua ilikuwa inapiga bati, swali likaja kama kawaida, na moyo wake ukataka kitu kimoja tu: mtu huyu afe akijua kwamba alikalia utajiri akaukosa.

Aliinama karibu na sikio lake. "Iko hapa," alisema. "Chini ya matofali ya hii chumba. Kilo munane, vile ulisema. Ulilala juu yake."

Alirudi nyuma amtazame akiumia. Lakini Parfait hakuumia. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu siku aliyoletwa, ulilegea. Alivuta pumzi ndefu, pengine ndefu kuliko zote za mwezi ule.

"Nilijua," alisema. "Nilijua sikupigaka mutu bule."

Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. Kisha akalala usingizi wa mtu mwenye afya. Adalbert alikaa na bakuli mapajani. Angeweza kumwamsha amwambie ni uongo. Alinyanyuka mara mbili kwa nia hiyo, akaketi tena, kwa sababu hakujua kama atamwambia ili kusema kweli au ili kumpokonya.

Parfait alikufa Ijumaa, asubuhi, dada yake akiwa kando yake. Walimzika, watu wakaja kukaa matanga, wakaondoka.

Wiki moja baadaye Adalbert alirudi kutoka kununua chumvi sokoni, akasikia mishindo ndani ya nyumba. Virginie alikuwa katika chumba cha mbele. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Alikuwa amevaa kitenge cha kazi, ameazima sururu kwa jirani, na nusu ya matofali ya sakafu ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa mlangoni.

"Maman Lydie."

Hakusimama. "Aliniambia," alisema. "Mbele ya kufa. Alisema nikusamehe, juu uliificha kwa ajili yetu."

"Nilimudanganya. Alikuwa ananichokesha. Nilimudanganya tu."

Virginie aliegemea mpini, jasho linamtiririka shingoni. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na kwa miaka mitatu mshahara wake ndio uliolisha nyumba ile. "Ulimudanganya yeye," aliuliza, "ao unanidanganya miye?"

"Virginie, vidole vyangu..."

"Vidole vyako njo vinanifanya niulize. Ni mutu gani anaachiliaka bamuvunje mukono juu ya kitu yenye haiko? Niambie tu fasi. Nimechoka, Papa Lydie. Niambie kona gani, nisichimbe yote."

Adalbert alisimama na pakiti ya chumvi. Kila neno la kweli alikuwa amekwisha kulisema gerejini, na hospitalini, na kando ya kitanda cha Parfait. Alivua viatu, akaingia, akaanza kusogeza matofali kwa mkono wa kushoto ili yasimwangukie mkewe miguuni.

Virginie alichimba kona zote nne, kisha katikati, mpaka akafikia udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa. Mchana ulikuwa umeshapita. Aliweka sururu chini, akaangalia shimo, akaangalia mikono yake iliyotoka malengelenge.

"Nisaidie kurudisha," alisema.

Walipanga matofali pamoja. Udongo ukawa umezidi. Haukutaka kuingia wote mahali ulipotoka, na sakafu ikabaki na mgongo katikati. Tangu siku hiyo Virginie hakumwita tena Papa Lydie. Alimwita Zagabe, kama wanavyomwita watu wa nje.